Kura Zilizogeuka

Kinyozi aliulizwa swali lile lile tena, na tena akajibu vile vile.

"Sikumgusa, afande. Sikumwamkia, na sikumgusa."

Chumba cha mahojiano kilikuwa na meza moja, viti viwili visivyolingana urefu, na kidirisha kilichowekwa juu mno, kiasi kwamba mtu akitaka kujua kama mvua inanyesha ilibidi asikilize bati. Kinyozi alipewa kile kiti kifupi. Mikono yake ilikuwa misafi, kucha zimekatwa vizuri, mikono ya mtu anayeshika shingo za watu kutwa nzima, na alikuwa ameilaza juu ya meza kama vitu alivyoamriwa avisalimishe.

Aliyemhoji ni Inspekta, mwanamke wa makamo ambaye askari wadogo walimwita Kobe akishawapa mgongo. Jina hilo alilijua na wala hakulichukia. Kobe huchelewa kufika, alikuwa akisema, lakini bado sijasikia kobe aliyegonga mti.

Marehemu naye alikuwa na jina lake la mitaani. Walimwita Mzee Kauli. Alikuwa mbunge wa jimbo lile kwa miaka mingi, mgane mwenye mvi, na jina alilipata kwa tabia moja ambayo wabunge wenzake waliiona ya kichaa. Bunge likiwa linakaa, kila Ijumaa aliingia kwenye redio ya jimboni kwake na kuwaeleza watu jinsi alivyopiga kura, muswada mmoja baada ya mwingine, bila kupamba. Huu nilisema ndiyo, kwa sababu hii. Huu nilisema hapana, kwa sababu hii. Na huu sikuuelewa, kwa hiyo sikuwa na upande. Mafundi walizima mashine wamsikilize. Hata waliomchukia walisikiliza, maana hebu niambie, ni mbunge gani mwingine unayemjua wewe anayekiri redioni kwamba jambo hakulielewa?

Halafu ukaja Muswada wa Bonde. Serikali ilitaka bonde zima la jimbo lile ligeuzwe bwawa, mashamba yazame, watu wahamishwe. Ijumaa Mzee Kauli akasema redioni, kwa sauti ile ile ya siku zote, kwamba amesema hapana. Jumatatu magazeti yakachapisha majina. Muswada ulikuwa umepita kwa kura moja tu, na jina lake lilikuwa upande wa ndiyo.

Basi. Mtu akikuibia unaweza kumsamehe, lakini akikuibia huku anakuhesabia alichokuwekea, moyo unagoma. Mzee akatuma neno redioni kwamba anakuja, atasimama uwanjani awaeleze watu yaliyotokea. Watu wakaambizana wasiende, adhabu yake iwe uwanja mtupu. Gari la kukodi lilimshusha getini jioni jua likiwa bado lipo, dereva akageuza akaondoka. Asubuhi alikutwa amekufa kwenye mtaro wa maji machafu uliokuwa ukichimbwa kandoni mwa uwanja, kichwa kimepasuka kwenye mawe.

Mtu mmoja tu ndiye aliyevunja mgomo akaenda uwanjani, naye ni kinyozi. Tena ni yeye aliyekuwa amepiga simu redioni, jimbo zima likisikia, akasema mzee huyo akikanyaga hapa nitamnyoa bila maji. Siku ile watu walicheka mpaka machozi. Sasa maneno hayo yalikuwa yamechapwa kwenye jalada la polisi na hayakuchekesha tena.

Inspekta akamtaka aeleze upya alivyomkuta. Kinyozi akaeleza. Mzee alikuwa amesimama katikati ya uwanja na suti yake, uso ameuelekeza jukwaani ambako hapakuwa na mtu. Kinyozi alikuwa na maneno ya kumwambia, ameyapanga tangu nyumbani, lakini alipomfikia yakamkauka kinywani. Akaona dawa ya mtu kama huyo ni kumnyima hata salamu. Akaenda akasimama mbele yake, karibu kabisa, akamkazia macho.

"Akasema, 'Nani hapo?'" Kinyozi akaonyesha kichwa chake kwa kidole. "Afande, kichwa kile nimekinyoa tangu hakina mvi hata moja. Nimemnyoa siku ya harusi yake. Nimemnyoa siku ya msiba wa mkewe. Leo ananitazama usoni ananiuliza nani hapo. Halafu akanyoosha mkono. Mkono wa nini? Nikauacha pale pale hewani, nikageuka, nikaenda zangu."

"Hakusema kingine?"

"Aliita. Sikugeuka."

Inspekta alifunga jalada. Nje kwenye benchi mke wa kinyozi alikuwa amepakata shati jeupe lililopigwa pasi, la kwendea mahakamani. Alisimama alipomwona Inspekta, akataka kuuliza jambo, kisha akakaa tena bila kuuliza.

Mkuu wa kituo alikuwa mtu wa haraka hata anapokunywa chai. Kwake kesi ilikuwa imekwisha: sababu kinyozi anayo, nafasi alikuwa nayo, na kwa kinywa chake mwenyewe amekiri alikuwepo. Keshokutwa asubuhi apandishwe kizimbani kwa mauaji. Alimuuliza Kobe anataka nini zaidi, picha?

Inspekta akamwambia mambo mawili yanamkera. La kwanza ni nyayo. Mtaroni zilikutwa nyayo za mzee peke yake, zimepanda kifusi cha udongo mwekundu na kushukia upande wa pili, moja kwa moja shimoni. Mkuu akasema alikuwa anakimbizwa. Inspekta akajibu kwamba nyayo za mtu anayekimbia huachana, na hizi zilikuwa zimekaribiana kama za mtoto anayejifunza kutembea. La pili ni taarifa ya daktari. Miundi ya marehemu, chini ya magoti, ilijaa michubuko, mipya na ya siku nyingi, mingine imeshaanza kupona. Mkuu akafurahi: si ndiyo hivyo, kuna watu walikuwa wakimpiga tangu zamani.

"Wanaompiga mtu mzima hawampigi miundi," Inspekta alisema. "Na kama aliuza kura, mkuu, kuna aliyeinunua. Aliyenunua ndiye mwenye hofu ya kutajwa, si kinyozi. Nipe mpaka keshokutwa asubuhi nimtafute mnunuzi."

Mkuu alimpa, kwa shingo upande.

Nyumba ya Mzee Kauli katika mji mkuu ilikuwa ya kawaida tu, ukuta mfupi, bomba la maji uani, kamba ya nguo imeanikwa mashati meupe matupu. Aliyefungua mlango alikuwa dada yake, mwalimu mstaafu, mkubwa kwake kwa kuzaliwa, ambaye tangu mkewe afariki ndiye aliyekuwa akimwendeshea nyumba na ofisi. Macho yake yalikuwa yamevimba, lakini kitambaa cha kichwa alikuwa amekifunga barabara.

"Shikamoo, dada," Inspekta alisema.

"Marahaba, mdogo wangu. Karibu ndani. Ngazi mbili hapo, kisha zulia."

Inspekta alizitazama zile ngazi mbili. Jua lilikuwa limezipiga vizuri na mtu yeyote angeziona. Akapanda.

Sebule ilikuwa kubwa, au ilionekana kubwa, kwa sababu viti vyote vilikuwa vimebanwa ukutani kama watu wanaongoja daktari. Katikati hapakuwa na meza wala kigoda. Dada mtu aliketi akasema kabla hajaulizwa. Kama Inspekta amekuja kutafuta fedha, atafute, funguo hizo hapo. Benki ameshawaruhusu waangalie. Ndugu yake aliacha nyumba hii, gari moja linalohitaji injini, na deni la ada ya mtoto wa jirani aliyejitolea kumsomesha.

"Ndugu yangu alikuwa na makosa yake," alisema, "lakini bei hakuwa nayo."

Inspekta akamuuliza basi kwa nini redioni aseme hapana na bungeni aseme ndiyo. Dada mtu akanyamaza. Unyamavu wake haukuwa wa mtu asiyejua, na Inspekta, aliyekaa mbele ya watu wengi wanaonyamaza, aliutambua. Hakumsukuma. Alitoa bahasha ya vitu vya marehemu, saa na miwani, avikabidhi kwa familia, na kabla ya kuitoa miwani aliijaribu machoni mwake kama mtu anayetaka kuifuta tu. Chumba hakikubadilika. Vioo vilikuwa vitupu, vya urembo.

Aliomba kanda za redio. Akapewa zote, kuanzia za miaka ya nyuma. Katika zile za zamani karatasi zilisikika zikifunuliwa kati ya sentensi na sentensi. Katika zile za karibuni mzee alikuwa anasema kwa kichwa tu, bila karatasi kusikika.

"Alikuwa na kumbukumbu nzuri," Inspekta alisema.

"Ilimbidi," dada mtu alijibu, na papo hapo akasimama kwenda kuangalia maji jikoni.

Ofisi ya kumbukumbu za Bunge, alikokwenda kesho yake asubuhi, ilikuwa chini ya ardhi, yenye ubaridi na harufu ya karatasi mpya. Karani wake alikuwa mtu mnene mcheshi, mpenda kusema, aliyefurahi kupata mgeni. Alimletea Inspekta kumbukumbu rasmi zenye majina ya wapiga kura, akamtafutia na meza, akabaki amesimama pembeni akimsimulia habari za kiuno chake.

Inspekta alivaa visikilizio masikioni. Alisikiliza Ijumaa moja, akasoma kumbukumbu za wiki ile, akaweka alama. Akaenda Ijumaa nyingine. Mzee anasema hapana, kitabu kinasema hapana. Anasema ndiyo, kitabu nacho ndiyo. Mwaka ukafuata mwaka na hakuna hata mahali pamoja ambapo kauli na kura viligombana. Watu wake walikuwa na haki ya kuzima mashine zao.

Kisha akafika kwenye kikao cha mwisho, kile cha Muswada wa Bonde, na tangu juma lake la kwanza mambo yakaharibika.

Muswada wa uji wa watoto shuleni: redioni ndiyo, kitabuni hapana. Inspekta aliirudia kanda. Muswada wa malipo ya wakunga: redioni ndiyo, kitabuni hapana. Muswada wa kodi ya baiskeli: redioni hapana kali, kitabuni ndiyo. Muswada wa vipimo vya asali, jamani, muswada ambao hata waliouandika waliusahau: redioni ndiyo, kitabuni hapana. Mpaka akafika kwenye Bonde, nao ukawa vile vile.

Aliiweka kalamu chini. Alikuja kutafuta mnunuzi, na mnunuzi alikuwa amemponyoka hapo kwenye asali. Ni nani atakayemhonga mbunge kwa ajili ya mizani ya asali? Mtu aliyenunuliwa huuza ile kura yenye mteja, nyingine zote akabaki nazo safi ili asishukiwe. Huyu kura zake zilikuwa zimegeuka zote, zenye mteja na zisizo na mteja, na hakuna aliyegundua kwa sababu hakuna gazeti linalochapisha majina ya waliopigia kura asali.

Zote, isipokuwa moja. Inspekta aliipata katikati ya kikao hicho, muswada wa bima. Redioni mzee alisema hakuuelewa, hakuwa na upande. Kitabuni: hana upande.

"Kaka," Inspekta alimwita karani, "kabla ya kikao hiki kulitokea nini hapa?"

Karani akafurahi kuulizwa. Kulitokea likizo ndefu na ukarabati. Ukumbi ulivunjwa wote ndani, viti vipya, zulia jipya, mitambo mipya ya kupigia kura, maana ile ya zamani ilikuwa inakwama. Inspekta akamwomba ampeleke.

Ukumbi ulikuwa mtupu na mkubwa. Walishuka kwenye njia ya katikati mpaka kiti cha Mzee Kauli, ambacho kilikuwa kimewekewa ua jeupe. Kwenye meza yake ndogo kulikuwa na vitufe vitatu vyenye maandishi. Cha kushoto, hapana. Cha katikati, sina upande. Cha kulia, ndiyo.

"Vya zamani vilipangwa hivihivi?"

Karani akacheka. Ah, hapo palikuwa na kelele mwanzoni! Vya zamani ndiyo ilikuwa kushoto na hapana kulia. Mafundi wapya wakaja na mpangilio wa kwao. Wabunge walipelekewa waraka, na anayesahau si anasoma tu maandishi? Isitoshe, alisema akionyesha ukutani, ule ubao wa taa ni mkubwa kama nyumba. Ukishabonyeza, jina lako linawaka pale, kijani kwa ndiyo, jekundu kwa hapana. Ukikosea una muda wa kubadilisha kabla Spika hajafunga. Hakuna asiyeona.

Inspekta aliliondoa lile ua, akaketi kwenye kiti cha marehemu, akafumba macho. Aliipeleka mikono mezani taratibu. Vidole vikavikuta vitufe vitatu, laini, vya duara, vinavyofanana kama mapacha watatu. Alitafuta cha kulia, akakibonyeza. Kisha akafumbua macho akatazama ukutani, ambako mitambo ilikuwa imezimwa na hapakuwaka kitu.

"Mzee alikuwaje siku hizi za mwisho?" aliuliza.

Mpole kuliko zamani, karani alisema. Zamani alikuwa akikupita na salamu ya juu juu, lakini karibuni hakukupita bila kukushika bega, anakuegemea, mnatembea pamoja mpaka kwenye kiti chake huku anakuuliza habari za watoto. Watu walimpenda kwa hilo. Karani mwenyewe alikuwa amemsindikiza mara nyingi. Alipolisema hilo sauti yake ilipungua, maana ndipo na yeye alipoanza kuelewa alikuwa anasindikiza nini.

"Na hii kura ya Bonde," Inspekta aliuliza. "Ikijulikana alikosea kitufe?"

Karani alitikisa kichwa. Spika akishatangaza matokeo yametangazwa. Bunge halirudi nyuma kwa sababu ya kidole cha mtu.

Inspekta alirudi kwenye nyumba yenye mashati meupe alasiri ile ile. Safari hii, kabla dada mtu hajafungua kinywa, alisema yeye.

"Ngazi mbili, kisha zulia. Ulinitajia jana, dada, mimi mwenye macho yangu."

Dada mtu alishika mlango. Mficha maradhi, kilio humfichua, wahenga walisema, na yeye alikuwa mwalimu, aliyajua maneno hayo kuliko wengi. Aliketi pale pale kizingitini, mwanamke mwenye heshima zake, kama mtoto aliyefukuzwa darasani, na Inspekta akaketi kando yake.

Ilikuwa presha ya macho. Ilianza jicho moja, ikahamia la pili, na daktari alisema wamechelewa. Mwanzoni aliona vivuli, mwishoni hakuona hata vivuli hivyo. Alimwapisha dada yake asimwambie mtu. Angesema wangemlazimisha apumzike, na aliyekuwa anasubiri kiti chake wanamjua, angeliuza bonde na watu waliomo. Amalizie kipindi hiki tu, alisema, amalizie Bonde. Dada mtu akawa anamsomea miswada usiku na mchana mpaka anaishika kwa kichwa. Viti akavibana ukutani, lakini bado kila siku alijigonga, kila siku alikuwa na jeraha jipya la muundi. Kuhusu waraka wa vitufe, ulikuja na karatasi nyingine za ukarabati, rangi za zulia na mambo ya maegesho. Yeye ndiye aliyeziweka pembeni bila kumsomea, akaona ni upuuzi.

"Jumatatu nilimsomea gazeti," alisema. "Nilipofika kwenye jina lake nilidhani wamekosea. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akaketi, akaanza kubonyeza goti lake kwa kidole, hivi, upande huu, upande huu. Akasema, 'Dada, bonde nimelizamisha mimi.'"

Alisema kwamba baada ya hapo mzee alikuwa na neno moja tu. Anakwenda. Watu wake waliambiwa uongo na kinywa chake, hata kama hakukusudia, na kinywa hichohicho kitawaambia ukweli, kwamba haoni, kwamba amewaficha, kwamba ameliharibu. Redioni hakutaka. Kitu kama hicho, alisema, huwezi kumwambia mtu ukiwa umejificha nyuma ya kipaza sauti. Alimwomba dada yake amshike mkono mpaka jukwaani.

"Nilimkatalia." Hakulia aliposema hivyo, na ingekuwa afadhali angelia. "Nilimwambia, miaka yote hii nimekuficha, leo unataka nikuvue nguo mbele ya watu kwa mikono yangu? Nenda mwenyewe. Nilidhani hataweza. Nilidhani atarudi kitandani tu."

Alikuwa amekwenda. Uwanja ule aliujua tangu utoto, kila pembe, lakini mtaro aliujua nani? Ulichimbwa wiki ile.

Inspekta alimweleza habari za kinyozi, kwamba kesho asubuhi anasomewa shitaka la mauaji, na kwamba mkewe amekaa benchini na shati. Hakumlazimisha. Alimwambia tu kwamba bila maelezo yake, nyayo na vitufe ni maneno ya Kobe, na mkuu wake hana subira na maneno ya Kobe.

"Wakisema alikuwa msaliti, huo ni uongo," dada mtu alisema. "Wakisema alikuwa kipofu aliyeng'ang'ania kiti mpaka akawazamisha, huo ni ukweli. Upi utamuuma zaidi huko aliko, mdogo wangu?"

"Yeye alikuwa anakwenda kuwaambia huo wa pili."

Dada mtu akaomba kalamu. Alisema ataandika maelezo yake yote, na Ijumaa ataingia redioni kwenye saa ya ndugu yake, amalizie kauli yake.

Asubuhi kinyozi alikuwa ameshavaa shati jeupe. Alikuwa ameketi kwenye ubao wa mahabusu, amefunga vifungo vyote mpaka shingoni, anangoja pingu. Inspekta alifungua mlango akauacha wazi. Akamwambia hakuna mahakama. Mkuu amesoma maelezo, ameguna, ametia sahihi. Yuko huru, mkewe yupo hapo nje.

Kinyozi hakusimama. Aliuliza ni nani basi aliyemuua.

Inspekta angeweza kumwambia aende nyumbani akapumzike. Lakini Ijumaa ilikuwa karibu, na aliona ni heri mtu huyu alisikie jambo hili kwa mtu kuliko kwa redio, kibandani kwake, wembe ukiwa kwenye shingo ya mteja. Aliketi kando yake kwenye ule ubao akamweleza yote, polepole, vitufe na miundi na waraka ambao haukusomwa. Kinyozi alisikiliza hadi mwisho, hakumkatiza hata mara moja.

"Kwa hiyo pale alikuwa hanioni," alisema.

"Hakukuona. Alisikia viatu vyako tu."

"Na ule mkono?"

"Alikuwa anaomba kushikwa, apelekwe."

Kinyozi aliitazama mikono yake miwili. Aliigeuza, akaigeuza tena, kana kwamba mmoja ungemjibu.

"Sauti yangu alikuwa anaijua," alisema. "Kila akija nilikuwa namwamkia kabla hajakaa. Ningemwambia shikamoo tu, afande. Angenijua."

Inspekta alijua ni kweli. Kutoka kwenye benchi mkewe alimwita, akangoja, akamwita tena. Mlango ulikuwa wazi, na kinyozi alibaki amekaa palepale, analia, mikono imelala magotini.